Maji Yanapotoka kwa Unyonge Kwenye Sinki la Bafu

Presha ya maji ikipungua kwenye sinki la bafu, wakazi wengi hulaumu kampuni ya maji, kisha huanza kuulizia bei ya pampu. Mara nyingi kasoro iko kwenye mdomo wa mfereji wenyewe, na dawa yake ni siki kidogo ya jikoni.

Kwanza ni kulinganisha. Mfereji wa jikoni na shawa zikitoa maji vizuri, basi tatizo ni la sinki hilo peke yake. Mifereji mingi ya kisasa ina kichujio kidogo cha wavu mdomoni. Mchanga na vipande vya kutu hukwama humo, hasa maji yanaporudi baada ya siku za mgao. Pwani, ambako visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji huwa na chokaa na wavu huziba kwa ukoko mweupe. Kichujio hufunguliwa kwa mkono, au kwa koleo lililozungushiwa kitambaa lisikwaruze, kikalowekwa kwenye siki kwa saa chache na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Kabla ya kukirudisha, mfereji ujaribiwe bila kichujio. Maji yakiwa bado manyonge, itazamwe koki iliyo chini ya sinki. Si ajabu kukuta fundi aliifunga nusu akasahau.

Nyumba nzima ikiwa na shida, suala ni jingine. Maji ya tangi husukumwa na kimo tu: kila mita 10 huleta presha ya baa 1. Tangi lililo mita 2 juu ya mfereji hutoa takriban baa 0.2 pekee. Kuliinua husaidia, ila lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, kwa hivyo jukwaa la mbao chache halitoshi.

Penye hatari kubwa ni pampu inayofungwa moja kwa moja kwenye bomba la kampuni. Hiyo huwanyima majirani maji, na kibaya zaidi, huvuta. Bomba la mtaani likiwa na ufa karibu na mtaro wa majitaka, uchafu hufyonzwa ndani, na kipindupindu kikapata njia ya kufika kwenye glasi ya mtoto. Pampu inapaswa kuvuta kutoka tangi la nyumbani, ambalo limejazwa na bomba polepole.

Kwa anayeshuku uvujaji, tangi lijae, mifereji yote ifungwe, na mita isomwe mara mbili kwa tofauti ya saa moja. Namba zikisonga, maji yanapotea baada ya mita, na hapo fundi ni wa mwenye nyumba. Yanayovuja kabla ya mita huripotiwa kwa kampuni ya maji ya eneo hilo.