Mnunuzi Naye Awe na Mtu Wake

Mwananchi atafutaye nyumba ya kununua mjini Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, aghalabu huongozwa na dalali, naye humdhani kuwa mtetezi wake. Sivyo. Ujira wa dalali hutokana na bei ya nyumba; isipouzwa, hapati kitu. Mshika mawili moja humponyoka, na liponyokalo kwa kawaida ni haki ya mnunuzi.

Hatusemi kwamba madalali wote ni walaghai. Tusemalo ni kwamba mnunuzi anahitaji mtu wake mwenyewe, ambaye malipo yake hayapandi kwa bei kupanda, wala hayapotei biashara ikivunjika. Huyo ndiye atakayeuliza: Je, hati ni ya muuzaji kweli? Nyumba imewekwa rehani? Ikiwa ni nyumba ya ndoa, mwenzi wake ameridhia, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka? Ikiwa ni ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji imeidhinisha?

Maswali hayo yana gharama, lakini ni ndogo kuliko ya kesi. Tunawasihi wanunuzi wayaulize kabla ya kuhesabu fedha, si baada.