Maadamu, Mpaka na Ukiona: Mlango wa Kutokea Kitanzini

Tuseme, ndugu msomaji, mgeni anatafuta nyumba ya mwalimu mwenzetu huko Kinindo, kusini mwa mji wa Bujumbura. Namba ya nyumba hana. Ameambiwa tu kuna lango la buluu. Tunaweza kumwelekeza kwa njia tatu:

1. Maadamu hujaliona lango la buluu, songa mbele nyumba moja.
2. Songa mbele nyumba moja moja mpaka uone lango la buluu.
3. Pita kila nyumba ya mtaa huu. Ukiona lango la buluu, simama.

Kwa mazungumzo ya kawaida sentensi hizi zinalingana. Kwa kompyuta hazilingani. Ya kwanza hupima sharti kabla ya kutenda: kama lango liko mbele ya mgeni tayari, hasogei. Ya pili hutenda kwanza, ndipo ipime: mgeni huyo huyo atalipita lango lake. Tena, kama lango limepakwa rangi nyingine, wageni wa sentensi hizi mbili watatembea bila kikomo. Wa tatu atafika mwisho wa mtaa, naye ana njia mbili za kutoka: ameona lango, au nyumba zimekwisha.

Sehemu ya programu inayorudiwarudiwa huitwa kitanzi, na waandishi wa programu wamebishana kwa miaka mingi juu ya namna ya kutoka humo. Mwaka 1968 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha barua ya kulaumu amri ya kuruka kutoka sehemu moja ya programu hadi nyingine, kwa kuwa humpoteza msomaji. Wengi wakashika kanuni kwamba kila kitanzi kiwe na mlango mmoja tu wa kutokea. Lugha ya Pascal, aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970, ilikuwa na vitanzi vya "maadamu" na "mpaka", lakini haikuwa na amri maalumu ya kutoka katikati.

Mwaka 1974 Donald Knuth alionyesha kwamba kazi nyingine zina sharti lake katikati. Mfano: soma jina; kama orodha imekwisha, toka; andika alama; rudia. Ukilazimisha sharti likae mwanzoni, itakubidi kuandika "soma jina" mara mbili. Utafiti wa Soloway, Bonar na Ehrlich, uliochapishwa mwaka 1983, uliona kwamba wanafunzi waliopewa amri ya kutoka katikati waliandika programu sahihi mara nyingi zaidi. Leo C, Java na Python zina amri hiyo, ingawa walimu wengine bado huionea shaka.

Kwetu walimu wa Kiswahili funzo liko kwenye kiambishi -ki-. "Ukiona" hubeba maana mbili: "ikiwa utaona" na "pindi utakapoona". Msikilizaji hujaza pengo kwa busara yake; kompyuta haina busara hiyo, na mwanafunzi aliye kwenye chumba cha mtihani hana wa kumwuliza. Kwa hiyo, tunapotunga maagizo, tuseme pia la kufanya asipoona.

Zoezi: waambie wanafunzi waandike namna ya kutafuta neno katika kamusi, kisha mwenzao afuate maagizo hayo neno kwa neno. Neno lenyewe lisiwemo.