Kuwapeleka watoto uwanjani Lubumbashi

Mwezi wa kumi na moja 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika kule Moroko, ikiwafunga wenyeji AS FAR bao 1-0. Kocha wao alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi. Tangu siku ile mabinti wetu hapa Kolwezi hawatuachi: «Mama, tutaenda lini kuona Mazembe?» Basi, kama familia yako inajitayarisha, soma kwanza haya.

Barabara. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300, kupitia Fungurume na Likasi. Mnajua wenyewe malori ya madini na ya asidi yanavyojaa njia hiyo. Mwezi wa pili 2019 lori la asidi liligongana na magari mengine katika jimbo letu, na watu zaidi ya kumi wakafa. Kwa hiyo ondokeni alfajiri, na msirudi usiku. Mchezo ukiisha jioni, laleni kwa ndugu Lubumbashi, mrudi kesho yake. Shofa akikimbiza gari, mwambieni apunguze, bila haya. Sisi wenye watoto ndio wenye sauti.

Uwanja. Uwanja wa TP Mazembe uko kartie ya Kamalondo. Ulifunguliwa 2011 na unaingiza watu karibu 18.000. Nunueni tiketi mapema, mahali panapotambulikana, si kwa kijana anayezungukazunguka karibu na mlango. Mazembe ikikutana na Lupopo, muji mzima unachemka. Siku hiyo waacheni wadogo nyumbani. Chagueni kwanza mchezo wa kawaida, au mchezo wa timu ya wanawake.

Milango. Hapa ndipo hatari kubwa iko. Mwezi wa saba 2024 watu walikufa katika msongamano kwenye Stade des Martyrs, Kinshasa, siku ya tamasha la nyimbo. Fikeni saa mbili kabla ya mchezo. Mkiisha kuingia, angalieni mlango wa kutokea uko wapi, mkae karibu nao. Mpira ukiisha, msiinuke. Kaeni kitako dakika ishirini, muwaache wenye haraka wapite.

Nawaambia kwa sababu yalinipata. Siku moja nilitoka pamoja na kundi la watu, nikashika mkono wa mtoto wangu wa miaka sita, halafu nikakuta mkono haupo tena. Nilimtafuta nusu saa nzima, nikilia. Nilimkuta amesimama karibu na mama mmoja anayeuza karanga. Asubuhi nilikuwa nimemwambia: «Ukinipotea usikimbie, tafuta mama anayeuza, simama pale.» Neno hilo moja ndilo lililomwokoa.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia:

– Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, uitie ndani ya mfuko wa mtoto.
– Onyesha watoto mahali pa kukutana mkipotezana.
– Mkubwa mmoja asichunge watoto zaidi ya watatu.
– Wavalishe nguo za rangi moja, wapate kuonekana mbali.

Chakula na hali ya hewa. Kuleni bukari vizuri kabla ya kuingia, mbebe na maji. Wakati wa mvua chukueni mwavuli au koti la mvua. Mwezi wa sita na wa saba jua likitua baridi inauma, sweta isisahaulike.

Wasio na uwezo wa safari wasisikitike. Hata hapa kwetu mpira unachezwa, na mashauri haya ya mlangoni yanafaa vilevile kwa uwanja wetu. Mwenye kupanga safari aseme kwenye mkutano wetu ujao, ili tukodi basi moja, twende pamoja na turudi pamoja, hesabu ya watoto ikiwa ileile.