Donge Mbele ya Sikio: Upasuaji wa Saratani ya Tezi za Mate

Uvimbe usiouma ndio unaochelewesha watu. Mkazi wa Nyahanga, mjini Kahama, akiota donge mbele ya sikio, halimzuii kulima mpunga wala kushuka kwenye duara la kuchimbia dhahabu. Wengi hudhani ni matubwitubwi. Lakini matubwitubwi huja na homa na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Donge lililokaa miezi ni jambo jingine kabisa.

Hapo mbele ya sikio ipo tezi kubwa kuliko zote za mate. Kati ya uvimbe 10 wa tezi hiyo, takriban 8 si saratani. Katika tezi ya chini ya taya, karibu nusu ya uvimbe ni saratani. Katika tezi ndogo za kaakaani hatari huwa kubwa zaidi. Kwa jicho tu hakuna awezaye kutofautisha, ndiyo maana sindano nyembamba huvuta chembe zikapimwe maabara.

Kinachowatisha wagonjwa ni kupinda mdomo baada ya kisu, na hofu hiyo ina msingi. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita katikati ya tezi, kisha hutawanyika kwa matawi makuu 5: moja hukunja paji, jingine hufumba jicho, mengine huendesha midomo. Daktari hupasua kuanzia mbele ya sikio hadi shingoni, hutafuta shina la mshipa kwanza, halafu hufuata kila tawi taratibu akiondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama yenye afya inayouzunguka. Mshipa ukiwa salama huachwa. Uso unaweza kulegea wiki au miezi kadhaa, kisha ukarudi. Mshipa ukishavamiwa hukatwa, na pengine huungwa kwa kipande cha mshipa kutoka shingoni au mguuni.

Ni muhimu sana kuelewa hili: kwa mwenye donge, mdomo uliopinda kabla ya upasuaji mara nyingi ni alama ya saratani iliyokwisha kuugusa mshipa. Huyo asisubiri hata kidogo.

Kuchanja au kutumbua donge ni kosa kubwa. Hata uvimbe usio saratani, ganda lake likipasuka, unaweza kumwaga chembe zinazoota upya kuwa madonge madogo mengi, na upasuaji wa pili huhatarisha mshipa zaidi.

Kutoka Kahama, rufaa huelekea Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda iliyofunguliwa 1971. Saratani kali, au iliyobaki ukingoni mwa kidonda, huongezewa mionzi. Dawa za kemikali peke yake hazina nguvu kubwa hapa.

Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa saratani ikikutwa bado ndani ya tezi, zaidi ya 90% ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika mapafuni au mifupani, kiwango hicho hushuka chini ya nusu. Aina moja hutambaa kando ya mishipa ya fahamu na inaweza kuibukia mapafuni hata baada ya miaka 10, kwa hiyo aliyepona huendelea kuhudhuria kliniki na kupigwa picha ya kifua.