Sakafu ya Bahari Milimani Sekerr

Ukishuka asubuhi kutoka Makumbusho ya Uganda kwenda soko la Kamwokya, utawakuta wauza rolex, chapati za mayai, wamekwisha washa majiko. Mtazame mmoja akipenyeza mwiko bapa chini ya chapati: ukingo hupanda juu ya chuma kwanza, chapati yote ikafuata. Kila ninapoulizwa sakafu ya bahari ilifikaje mlimani, ukingo huo ndio unaonijia.

Sakafu hiyo huzaliwa pale mabamba mawili ya ardhi yanapoachana. Uji wa mwamba ukipanda na kukutana na maji baridi, ngozi yake huganda papo hapo huku ndani ukiendelea kutiririka. Unavimba, unapasuka, unatoa uvimbe mwingine kando, hadi panakuwa rundo la mawe yenye umbo la mito ya kulalia. Chini yake kuna kuta za mwamba zilizosimama wima, zimebanana kama kurasa za kitabu. Kisha gabro, iliyopoa taratibu hata chembe zake huonekana kwa macho. Chini kabisa ni peridotiti, mwamba wa mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia.

Karibu yote hupotea. Sakafu ikizeeka hupoa, huwa nzito, huzama. Ndiyo maana bahari kuu za leo karibu hazina sakafu iliyozidi miaka milioni 200. Inayonusurika mara nyingi ni changa, ingali ya moto, iliyozaliwa karibu na mahali bamba jingine linapozama. Bamba hilo likiwa limefungamana na bara, bara nalo huburutwa chini ya sakafu, kama ule mwiko. Lakini bara ni jepesi: haliendi mbali, hurudi juu na mzigo mgongoni.

Oman mzigo huo ungali mkubwa ajabu, karibu kilomita 500 za Milima ya Hajar, wenye umri wa miaka milioni 95 hivi. Wa kwetu umeumia. Mwaka 1983 mwanajiolojia J. R. Vearncombe aliieleza miamba ya Sekerr, West Pokot, ng'ambo ya mpaka wa Karamoja, kuwa ofioliti, yaani sakafu ya bahari iliyopandishwa nchi kavu, iliyovunjika vipandevipande. Ni masalia ya Bahari ya Msumbiji, iliyofungwa miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita Gondwana ilipokuwa ikiungana.

Jina ofioliti limetokana na neno la Kigiriki la nyoka. Shika kipande cha serpentinaiti utaelewa: kijani chenye mabaka, kinateleza vidoleni kama sabuni. Ni peridotiti iliyokunywa maji, na maji hayo yangali yamefungwa ndani ya madini yake.