Herufi ndogo juu ya neno: Njia ya kuusoma upya mwandiko wa mababu

HUENDA katika sanduku la mzee wa Likoni, Kisauni au Changamwe mkawa na barua au utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mjukuu, aliyefunzwa shuleni herufi za Kirumi, huutazama asiweze kuusoma, ijapokuwa lugha ni yake.

Hati hiyo ndiyo iliyohifadhi fasihi ya pwani kwa karne kadhaa. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliitumia kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo William Hichens aliyachapisha mwaka 1940.

Kuisoma kwataka ujuzi. Kiarabu hakina herufi ya P, hivyo waandishi wengi walitumia ile ya B. Aidha, sauti ya M iliyotangulia B mara nyingi haikuandikwa. Neno moja laweza basi kusomwa bata, pata au mbata, yaani nazi kavu.

Je, tarakilishi yaweza kusaidia? Wajapani wana desturi ya kuandika matamshi kwa herufi ndogo juu ya maandishi magumu. Wataalamu wa mtandao huuita mtindo huo rubi, jina ambalo wapiga chapa wa Uingereza waliipa saizi fulani ya herufi ndogo. Shirika la W3C liliuidhinisha kuwa kanuni ya mtandao mwaka 2001, na kivinjari cha Firefox kikaupokea mwaka 2015.

Msimbo wa programu za Firefox na Chromium uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kazi yake hapa yaelezeka hivi: kivinjari hulichukua neno pamoja na matamshi yake kama jozi moja. Hupima upana wa yote mawili, na ule mkubwa ndio huamua nafasi ya jozi. Kisha mstari huinuliwa ili herufi ndogo zisigongane na mstari wa juu. Kivinjari cha zamani kisichojua mtindo huo huyaonyesha matamshi kwenye mabano kando ya neno.

Kwa Kiswahili yafaa matamshi yawekwe juu ya neno zima, si herufi moja moja, kwani herufi za Kiarabu huungana. Maneno yatafuatana kutoka kulia kwenda kushoto, ilhali matamshi juu ya kila neno yatasomwa kutoka kushoto. Mwandiko wa asili haufutwi wala haubadilishwi. Hupata mkalimani tu.

Hata hivyo, kivinjari hupanga, hakisomi. Hakijui kama mtunzi alikusudia bata au mbata. Anayejua ni mzee aliyeizoea hati hiyo na lahaja yake, na wazee hao wanazidi kupungua. Msimbo umekwisha kuandikwa, nao wasubiri. Kinachohitaji haraka ni mjukuu kuketi na babu yake, karatasi mbele yao, aandike kila neno jinsi linavyotamkwa.