Petroli nayo huchacha: dumu la akiba linavyogeuka hasara

AKIBA haiozi, walisema wahenga. Waliosema hivyo hawakuwa na dumu la petroli nyuma ya mlango.

Kwa yeyote aliyepita Gitega au Muyinga miaka ya 2024 na 2025, sababu ya kuweka akiba hiyo haihitaji maelezo marefu. Uhaba wa fedha za kigeni uliifanya Burundi ishindwe kuagiza mafuta ya kutosha. Vituo vilikauka, magari yalilala kwenye foleni, na lita ya esansi, kama wenyewe wanavyoiita, iliuzwa kwa magendo kwa bei ya juu mno kuliko iliyotangazwa. Aliyebahatika kupata lita 20 hakuthubutu kuzimaliza. Alijaza tangi, akafunga dumu, akasubiri siku mbaya zaidi.

Tatizo ni kwamba siku hiyo mbaya inapofika, mara nyingi akiba yenyewe inakuwa imekwishakufa.

Mjini Gitega, ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi, nilimkuta kijana mmoja aliyerejea kutoka kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, akiwa amechuchumaa mbele ya jenereta ya saluni yake. Akiba yake yote ya kambini aliiweka kwenye mashine hiyo na mashine mbili za kunyolea. Umeme ulipotulia kwa miezi kadhaa, aliiweka jenereta kando ikiwa na tangi nusu. Umeme ulipokatika, alivuta kamba hadi mkono ukachoka. Tangi lilikuwa na mafuta, plagi ilikuwa nzima, lakini injini haikukohoa hata mara moja.

Fundi aliyeitwa hakuhangaika na plagi. Alifungua kabureta, akatoa jeti, kile kijipande chenye tundu dogo kama la sindano, akamwambia kijana aitazame juani. Mwanga haukupita. Tundu lilikuwa limezibwa na kitu cha rangi ya kahawia kinachonata kama utomvu wa mti. Fundi huyu, ambaye vijana wote pale humwita mzee japo hajafika miaka 50, alijifunza kazi kwenye mashine za boti huko Kibirizi, Kigoma, na kwake jambo hilo halikuwa geni hata kidogo.

Niliomba anieleze, naye akaeleza kwa lugha ya jikoni: petroli si chumvi, ni kiporo.

Maelezo yake yanakubaliana kabisa na ya wataalamu. Petroli si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa mamia ya viungo, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoshika moto haraka na kuamsha injini iliyopoa. Bahati mbaya ndivyo vinavyokuwa vya kwanza kupaa kila kifuniko kinapolegea. Vinavyobaki ni vizito, na mashine huanza kuwa ngumu kuwaka asubuhi. Wakati huohuo hewa iliyo ndani ya dumu huungana na baadhi ya viungo vya mafuta na kutengeneza gundi. Joto huharakisha kazi hiyo, mwanga wa jua huiharakisha, na madini ya shaba pia.

Je, hukaa muda gani? Kampuni ya BP nchini Australia imewahi kuwaeleza wateja wake kwamba petroli iliyofungwa vizuri na kuwekwa kivulini hudumu mwaka mmoja. Chombo kikishafunguliwa, hudumu miezi 6 kwenye joto la nyuzi 20, na miezi 3 tu kwenye nyuzi 30. Ndani ya tangi la mashine, ambalo hupitisha hewa, ni kama mwezi mmoja. Baada ya hapo inafaa kuongezewa mafuta mapya kiasi cha theluthi.

Hapa wakazi wa milimani wana nafuu. Gitega iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na Muyinga iko juu zaidi, ilhali uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mita kama 770. Dumu lililowekwa Gitega chumba cha nyuma litachelewa kuchacha kuliko lile la Rumonge lililoachwa juani mchangani.

Hata hivyo, msomaji asihesabu miezi hiyo kuanzia siku aliyonunua. Nilipokuwa Muyinga, kwenye njia inayoshuka kwenda mpaka wa Kobero na Kabanga, nilizungumza na wafanyabiashara wanaolijua hilo kwa hasara. Petroli iliyoingia bandari ya Dar es Salaam imekwishasafiri baharini, ikalala kwenye maghala, ikapanda lori zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika Ngara. Ikiingia kwenye madumu na kupita mikono mitatu au minne, hakuna tena anayejua umri wake. Sheria za forodha kila mtu anazifahamu na sitazirudia hapa. Ninachosema ni kwamba mnunuzi wa dumu hununua pia historia yake.

Mama mmoja muuza vitenge, ambaye mwanawe ni motari, alinionyesha namna anavyopima. Hudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na kusubiri. Petroli safi hukauka bila kuacha kitu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta, na iliyochacha huacha alama ya njano inayonata. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka uchakachuaji uliosababisha EWURA ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Tone la karatasi si maabara, lakini kwa macho ya sokoni linatosha kumrudisha muuzaji na dumu lake. Pua nayo husaidia. Mpya ina harufu kali, kuukuu inanuka kama vanishi.

Mfano mzuri zaidi wa suala hili, kwa maoni yangu, hauko milimani bali ziwani, na nawaandikia hasa waliorejea Rumonge na Nyanza-Lac au wenye ndugu Kigoma. Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, boti zilipandishwa ufukweni kwa miezi mitatu mfululizo. Miezi mitatu, kwenye joto la ziwani, ndiyo hasa muda wa petroli kufa.

Mashine nyingi za boti ni za mipigo miwili, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, kwa kawaida lita 1 kwa lita 50. Mchanganyiko huo ukikaa, petroli hupungua lakini oili haiendi popote. Lita 50 zikibaki 40, uwiano umeharibika. Mashine itatoa moshi, plagi italowa oili, na mvuvi ataanza kumlaumu fundi. Ndiyo maana fundi wa Gitega anasema pale Kibirizi hawakuruhusu mtu achanganye oili kwa akiba. Oili ilichanganywa asubuhi ya safari.

Boti ikipumzishwa, walifanya hivi. Mashine iliwashwa ikiwa majini, mpira wa mafuta ukachomolewa, ikaachwa iunguruma hadi ikazimika yenyewe, maana yake kabureta imekauka. Kisha tangi la kubebeka lilichukuliwa likamwagiwa kwenye pikipiki au chombo kingine kitakachotumia mafuta hayo wiki hiyohiyo, mradi uwiano wa oili unakifaa. Tangi lililojengwa ndani ya boti, lisiloweza kukaushwa, lilijazwa karibu na mdomo. Tangi nusu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu nusu ya pili ni hewa, na hewa hiyo ikipoa usiku hutoa umande unaogeuka maji chini ya tangi. Kwenye petroli yenye ethanoli, kama ile ya Malawi ambako wamekuwa wakichanganya tangu mwaka 1982, maji huleta balaa zaidi, kwani ethanoli huyavuta na kuzama nayo.

Jenereta ya Gitega haina tofauti na boti hiyo. Funga koki ya mafuta, iache izime yenyewe, ndipo uiweke. Kama unaitegemea, iwashe kila baada ya wiki mbili hivi na uiongezee mafuta mapya.

Kwa wenye madumu, tumia chuma au plastiki nene iliyotengenezwa kwa mafuta ya injini. Chupa za maji zinapitisha mvuke na mwanga. Madumu ya njano ya mafuta ya kula, ambayo nusu ya Muyinga inayatumia, yana mabaki yanayokwenda moja kwa moja kwenye jeti. Jaza, lakini acha nafasi ndogo, kwani mafuta hutanuka. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na la zamani litangulie kutumika.

Na lisikae chumba unacholala. Petroli iliyochoka kiasi cha kushindwa kuwasha jenereta bado ina nguvu ya kutosha kuchoma nyumba. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye imbabura ya chumba cha pili, na hushika moto hata pakiwa na baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sange, kwenye barabara ya Uvira, zaidi ya watu 230 walikufa Julai 2 mwaka 2010 lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka. Morogoro, Agosti 10 mwaka 2019, walikufa zaidi ya 100 katika ajali kama hiyo. Wengi walikuwa wamefuata petroli ya bure, au kuangalia tu. Dumu tupu pia si salama. Lililojaa mvuke ni hatari kuliko lililojaa mafuta, na fundi wa kuchomelea asipewe kabla halijaoshwa.

Kijana wa saluni alisafishiwa kabureta siku hiyohiyo. Lita zake zilizobaki hazikumwagwa mtaroni, ambako zingeishia kisimani kwa jirani. Fundi alizichuja kwa kitambaa safi, akazitupilia mbali zile za chini zilizokuwa nyeusi kwenye pipa la oili chafu, na nyingine akamwagiza azitumie kidogo kidogo, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya petroli mpya, na si kwenye pikipiki ya mtu.